Binamu wa Bucharest, shemeji wa Dallas na bili yako ya Umoja

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia hivi: "Mhandisi, salamu. Kila mwezi natoa karibu shilingi elfu tatu kwa intaneti ya nyumbani ya megabiti 15. Binamu yangu aliye Bucharest hulipa euro nane na anapata gigabiti nzima. Shemeji yangu wa Dallas naye analia kwamba bili yake ni dola 80. Sasa kwenye kundi la familia la WhatsApp kuna mtu ametuma orodha ya nchi zilizopangwa kwa bei ya intaneti, na kila mmoja ameishika kama ushahidi wake. Nani ana haki? Wakenya tunanyonywa au hatunyonywi? Na je, nipande kifurushi cha juu?"

Ndugu yangu, salamu nimezipokea. Nitulize kwanza mambo ya familia: binamu hakudanganya, wala shemeji hakudanganya. Gigabiti, yaani megabiti elfu moja, kwa chini ya euro 10 ni bei ya kawaida Romania, na imekuwa hivyo kwa miaka. Dola 80 Marekani haimshangazi mtu anayeishi huko. Shida iko kwenye ile orodha, na kidogo iko kwenye swali lako, pale unaposema "Wakenya". Bei ya intaneti ya nyumbani haipangwi mpakani mwa nchi. Kwa sehemu kubwa hupangwa langoni mwa ploti unayoishi. Nitafika hapo, ila tuanze na orodha maana ndiyo iliyowasha moto.

Orodha nyingi za aina hiyo hutengenezwa hivi: mtu anapitia tovuti za kampuni za nchi fulani, ananakili vifurushi vyote vinavyotangazwa, anapiga wastani, anageuza kuwa dola, kisha anapanga nchi kuanzia ya nafuu hadi ya ghali. Tazama kinachotokea ukifanya hesabu hiyo na bei za hapa kwetu. Nachukua Safaricom kwa sababu bei zake zimetangazwa na watu wengi wanazijua. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2024, vifurushi vyake vikuu vya faiba ya nyumbani vilikuwa vinne: shilingi 2,999, 4,100, 6,299 na 12,499. Wastani wake ni shilingi 6,474. Mwaka huo kasi ikapandishwa kwenye vyote vinne bila bei kuguswa, na kikaongezwa cha tano, gigabiti moja kwa shilingi 20,000. Piga wastani tena: 9,179.

Umeona? Mteja wa 2,999 alitoka megabiti 10 akafika 15 kwa pesa zilezile. Hali yake ilikuwa nafuu kuliko jana. Lakini kwa mtu aliyeketi ng'ambo na jedwali lake, Kenya ilipanda bei kwa shilingi 2,700 hivi, kwa sababu tu kampuni imeanza kuuza kifurushi ambacho jirani zako wa Umoja hawakinunui. Wastani wa menyu hauonyeshi watu wanakula nini. Ungekuwa na takwimu za kila kifurushi kina wateja wangapi ungepata jibu la maana, lakini hizo kampuni huzificha kama siri ya jeshi, hapa na kwingineko.

Kuna wanaojaribu kukwepa mtego huo kwa kuhesabu bei ya megabiti moja. Inasikika kama haki kabisa, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Kwa bei hizohizo za 2024, mwenye kifurushi cha 2,999 analipa shilingi 200 kwa kila megabiti. Mwenye gigabiti analipa shilingi 20. Kampuni ni moja, nguzo ni ileile, fundi aliyepanda ngazi ni yuleyule, na bado megabiti ya mmoja ni ghali mara kumi kuliko ya mwenzake. Sababu ni kwamba gharama kubwa ya kampuni ni kukufikishia waya mlangoni na kukuwekea ruta. Waya ukishafika, kukuongezea kasi hakuwagharimu pesa nyingi. Kwa hiyo nchi yoyote ambayo kampuni zake huuza gigabiti kama kifurushi cha kawaida itaonekana ya nafuu mno kwa kipimo hiki. Binamu yako akigawanya euro nane kwa megabiti elfu moja, wewe huna la kumjibu.

Muulize tu anaitumia wapi. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa filamu ya picha safi ya kawaida na megabiti 15 kwa ile ya 4K. Akishika simu sebuleni, ukuta mmoja kutoka kwenye ruta, sehemu kubwa ya gigabiti yake inaishia kwenye waifai kabla haijamfikia. Gigabiti ina faida, hasa kwa anayepakia mafaili makubwa au kwa nyumba ya watu wanane, lakini maisha yake hayana kasi mara sitini na kitu kuliko yako. Usilinganishe hivyo.

Sasa twende kwenye dola. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi kama 129, na hapo ikatulia. Chukua kile kifurushi cha 2,999: mwezi wa kwanza kilikuwa dola 18.7, mwezi wa nane kikawa dola 23.2. Ukisoma orodha mbili, moja ya Januari na moja ya Agosti, utaapa kwamba kampuni za Kenya zimepandisha bei kwa robo. Hakuna aliyepandisha chochote. Ni shilingi ndiyo iliyopata nguvu. Kwa njia hiyohiyo, nchi ambayo sarafu yake imeporomoka kwa vita au mfumuko wa bei huonekana ina intaneti ya bure, ilhali wananchi wake ndio wanaoumia zaidi.

Wachumi wana dawa ya tatizo hili. Badala ya kutumia bei ya dola sokoni, wanauliza shilingi inanunua nini hapa nyumbani: kunyoa nywele, kodi ya chumba, nauli, mchele. Benki ya Dunia husimamia mpango wa kulinganisha bei za nchi kwa njia hiyo, na kwa hesabu zake shilingi yetu hapa ndani ina uzito wa karibu mara tatu ya inavyoonekana kwenye duka la kubadilishia fedha. Kwa kipimo hicho, shilingi zako 2,999 zinakutoa jasho kama dola zaidi ya 60 zinavyomtoa jasho mtu wa Marekani. Hapo ndipo wewe na shemeji mnapokaribiana ghafla. Yeye analia kwa 80, nawe unalipa sitini na kitu kwa kasi ambayo kampuni ya kwao ingeona aibu kuitangaza.

Lakini mimi hupenda kipimo kinachogusa mfuko bila kupitia kwa wachumi: siku za kazi. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa kawaida Nairobi, baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya mwaka 2024, kilifika shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Gawanya kwa siku 26 za kazi, unapata kama shilingi 620 kwa siku. Kifurushi cha 2,999 kinamla mtu huyo karibu siku tano. Texas, anakoishi shemeji, hutumia kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijaguswa tangu 2009. Mtu wa huko anayelipwa hicho kidogo kabisa atalipia ile bili ya dola 80 kwa saa kumi na moja. Siku moja na nusu. Hapa, ndugu yangu, swali lako la kunyonywa linapata uzito. Kwa dola sisi ni wa nafuu, kwa jasho sisi ni ghali, na anayekuonyesha kipimo kimoja tu anakuuzia kitu.

Kuna lengo la kimataifa pia. Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka shabaha kwamba ifikapo 2025, kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Pato la Mkenya mmoja kwa mwaka ni kama dola 2,100. Asilimia 2 ya mwezi wake ni dola tatu na nusu, yaani shilingi 450 hivi. Kwa intaneti ya nyumbani hatukaribii hapo hata kwa darubini. Ila nitakuwa mkweli: kipimo hicho kinalaumu kupita kiasi. Kinagawa bili ya nyumba nzima kwa pato la mtu mmoja. Sensa ya 2019 ilihesabu wastani wa watu 3.9 kwa kila kaya ya Kenya, na hao wote wanatumia ruta moja. Tena kwenye ploti nyingi ruta hiyo inatumiwa na mlango wa pili na wa tatu, na nenosiri la waifai ni siri ya watu kumi.

Kodi nitaipitia haraka, ingawa inastahili kelele kuliko inavyopata. Tangu Julai 2023 huduma za intaneti hapa hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na juu yake VAT ya asilimia 16, ambayo inapigwa hadi kwenye ule ushuru wenyewe. Katika shilingi 2,999, kampuni inabaki na kama 2,248. Shilingi 337 ni ushuru wa bidhaa, 414 ni VAT. Kwa ufupi, robo ya bili yako inakwenda serikalini. Uganda nako kuna ushuru wa asilimia 12 kwenye intaneti tangu Julai 2021, uliochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii iliyopigiwa kelele, na VAT yao ni asilimia 18. Marekani ni kinyume kabisa: sheria ya mwaka 1998, iliyofanywa ya kudumu 2016, inakataza kutoza kodi kwenye intaneti yenyewe. Kwa hiyo mkilinganisha bili na shemeji, wewe unalipa serikali na kampuni, yeye analipa kampuni peke yake na bado analia. Hilo linapaswa kukufikirisha kuhusu kampuni za kwao.

Na kampuni za kwao zina ujanja. Bei inayotangazwa mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza, kisha inapanda. Kuna ada ya kukodi ruta. Kuna ada zenye majina ambayo hata mhandisi kama mimi hajui ni za nini. Ndiyo maana tume yao ya mawasiliano, FCC, tangu Aprili 2024 imezilazimisha kampuni kubwa kuonyesha lebo, kama ile ya lishe kwenye pakiti ya biskuti, yenye bei kamili, ada zote na kasi halisi. Uingereza nako kulikuwa na mchezo wa mikataba inayopanda kila mwaka kwa kiwango cha mfumuko wa bei pamoja na asilimia 3 na kitu juu yake. Msimamizi wao, Ofcom, aliupiga marufuku kwenye mikataba mipya kuanzia Januari 2025. Sasa kampuni lazima itaje nyongeza kwa pauni na peni kabla mteja hajasaini.

Hapo pana jambo ambalo orodha hazilioni kabisa, na mimi naliona kubwa. Muingereza akisaini, amefungwa miezi 18 au 24. Akihama au akifilisika, bado anadaiwa. Wewe wa Umoja unalipa kwa M-Pesa mwezi huu, na mwezi ujao karo ikikubana unaacha ruta ilale mpaka mambo yanyooke. Hakuna wa kukupeleka mahakamani. Huo ni uhuru, na uhuru huo una bei: kampuni imekuvutia waya bila kujua kama utalipa miezi mitatu au thelathini, kwa hiyo wanaolipa kila mwezi wanabebeshwa gharama ya waya zilizolala. Siitetei kampuni. Nakuonyesha tu kwamba wewe na Muingereza hamkununua kitu kimoja.

Sasa turudi kwa binamu, maana Romania ndiyo somo zuri kuliko zote. Si nchi tajiri kwa viwango vya Ulaya. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kampuni ya simu ya taifa ilikuwa inajikokota, na vijana wa mitaa ya maghorofa wakaamua kujitegemea. Walivuta nyaya za mtandao kutoka dirisha hadi dirisha na kutoka paa hadi paa, wakicheza gemu na kubadilishana filamu, kisha wakachanga pesa za kununua intaneti moja na kuigawa. Mitandao hiyo ya mitaa ilizaliwa kwa mamia. Jengo moja lingeweza kuwa na watoa huduma watatu wanaogombania ngazi ileile. Baadaye kampuni kubwa, hasa RCS & RDS ambayo leo inajulikana kama Digi, zilinunua mitandao hiyo mmojammoja na kuibadilisha kuwa faiba. Lakini bei ilikuwa imeshashikwa chini na ushindani wa ngazini, na haikupata tena nafasi ya kupanda. Bucharest ilijulikana kwa misitu ya nyaya zinazoning'inia kwenye nguzo. Ilikuwa sura mbaya sana. Bei ilikuwa tamu.

Ukisoma aya hiyo halafu ukasimama barabarani Umoja, Kayole au Pipeline na kuangalia juu, utajiuliza kwa nini sisi hatukufika Bucharest. Maghorofa tunayo, tena yamebanana kuliko ya kwao. Mita mia moja za waya zinaweza kufikia milango mia mbili. Vijana tunao. Hata nyaya zinazoning'inia tunazo.

Watu wengi hukimbilia kulaumu kebo za chini ya bahari. Zamani wangekuwa na haki. Kabla ya 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na bei ilikuwa ya mashirika na balozi. Mwaka huo kebo za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, mwaka uliofuata ikaja EASSy, na tangu hapo zimeongezeka nyingine kama LION2, DARE1 na PEACE. Tena sehemu kubwa ya unachotazama leo haivuki bahari. Utafiti wa shirika la Internet Society wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba asilimia 70 hivi ya trafiki ya intaneti ya Kenya ilikuwa inapatikana hapahapa nchini, ikilinganishwa na asilimia 30 mwaka 2012, kwa sababu ya kituo cha kubadilishana trafiki cha KIXP na seva ambazo kampuni kama Google ziliweka nchini. Video ya YouTube unayoitazama jioni huenda imetoka ndani ya Nairobi. Bahari bado ina umuhimu: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kwenye pwani ya Afrika Kusini, sote tulilia. Lakini bahari haielezi tena kwa nini unalipa elfu tatu.

Kinachoeleza ni mita mia za mwisho. Kampuni inalipia nguzo za umeme inazoning'iniza waya. Inalipia vibali vya kaunti vya kuchimba barabara. Inalipia fundi wa kurudi kila lori linapokata kebo. Halafu, ikishafika kwenye ukuta wa ploti, inakutana na lango. Na langoni kuna msimamizi wa jengo, nyuma ya msimamizi kuna mwenye nyumba, na kati yao kuna mazungumzo ambayo wewe mpangaji hukualikwa. Majengo mengi Nairobi yana kampuni moja tu. Wakati mwingine ni kwa sababu kampuni ndiyo iliyogharamia kutandaza nyaya kwenye ngazi zote na inataka kurudisha pesa yake. Wakati mwingine kuna bahasha ya mwezi. Matokeo ni mamoja: unahamia nyumba, unauliza intaneti ni ya nani, unajibiwa jina moja, na mjadala umekwisha.

Ndipo utakapoona kwamba tofauti unayoitafuta kati ya Nairobi na Bucharest iko hapahapa kati ya ploti na ploti. Jengo la Kilimani lenye kampuni tatu, ajenti wanagonga mlango na kutoa mwezi wa bure na usakinishaji wa bure. Poa Internet ilijijengea jina kwenye mitaa kama Kibera na Kawangware kwa kifurushi cha shilingi 1,500 kwa mwezi, nusu ya bili yako, kwa watu ambao kampuni kubwa zilisema hawana pesa. Na kuna vijana wa mtaa wanaonunua laini moja na kuigawa kwa elfu moja hadi elfu moja na nusu kwa nyumba. Hao waangalie vizuri. Wengine wana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na wanafanya kazi safi kuliko kampuni kubwa. Wengine wamegawa laini ya mtu mmoja kwa nyumba arobaini, na ikifika saa mbili usiku hata ujumbe wa WhatsApp unapumua kwa shida.

Hata Marekani tajiri inaujua ugonjwa wa lango. Mwaka 2022 FCC ilipiga marufuku aina fulani za mikataba ambayo mwenye jengo hugawana mapato na kampuni moja ili wenzake wafungiwe nje. Afrika Kusini wana njia nyingine ninayoipenda: kampuni kama Vumatel na Openserve hutandaza faiba, kisha watoa huduma wengi huuza juu ya faiba hiyohiyo. Waya ni mmoja, wauzaji ni wengi. Ufaransa walilazimisha kampuni kongwe ya simu kukodisha waya zake kwa washindani, na mwaka 2002 kampuni ya Free ya Xavier Niel ikaingia na huduma yake ya Freebox kwa euro 29.99 kwa mwezi, bei ambayo iliwashika wote mkono kwa miaka mingi. India ilikwenda kwa ubabe wa mtaji: Jio ya Reliance ilishusha kifurushi cha megabiti 30 hadi rupia 399 mwaka 2020, kabla ya kodi yao ya asilimia 18, na wapinzani wakafuata. Njia ni tofauti, lakini kila mahali bei ilishuka pale mteja alipopata mlango wa pili.

Kwetu mlango wa pili ulikuja kutoka angani. Starlink, intaneti ya setilaiti, iliingia Kenya Julai 2023, na mwaka 2024 ikashusha bei ya vifaa hadi shilingi 45,500, au kuvikodi kwa 1,950 kwa mwezi, huku huduma yenyewe ikiwa 6,500. Dishi halipiti kwa mwenye nyumba wala halihitaji nguzo. Zile kasi za faiba ambazo hazikuwa zimeguswa kwa muda zilipandishwa mwaka huohuo bila bei kuongezwa. Wanaotaka kuiita sadfa waiite. Mimi siiti hivyo. Kabla mwaka haujaisha Starlink ikasitisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu imejaa, ikawafungulia tena 2025. Kwako wewe wa ghorofa, hata hivyo, sidhani inafaa. Kwa bei hizo za 2024, gawa zile 45,500 kwa miezi 24, unapata karibu 1,900. Ongeza 6,500, ni shilingi 8,400 kwa mwezi. Ukikodi vifaa unafika 8,450. Hiyo ni hesabu ya shamba la Narok ambako faiba haitafika leo wala kesho.

Na hiyo ndiyo hesabu ninayotaka uwape kwenye kundi la familia badala ya orodha. Kila mtu aandike jumla ya atakacholipa kwa miezi 24: huduma pamoja na kodi zote, ruta, usakinishaji, bei ya baada ya ofa kuisha. Agawe kwa 24. Kisha agawe kwa mapato yake ya siku moja, aone ni siku ngapi. Kando yake aandike kama anaweza kuacha bila faini, na kasi aliyopima mwenyewe saa mbili usiku. Binamu atashinda, na hatashinda kwa nafasi ndogo. Shemeji na wewe mtakuwa karibu kuliko mlivyodhani, kutegemea mshahara wake.

Kuhusu kupanda kifurushi: usipande bado. Azima kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, upime saa mbili usiku kwa siku kadhaa. Ukiona megabiti 13, 14 au 15, unapata ulicholipia, na kama video inakwama basi tatizo ni waifai. Isogeze ruta kutoka nyuma ya televisheni, ama ununue nyingine. Ukiona 4 au 5 kwa waya, kupanda kifurushi hakutakusaidia, kwa sababu msongamano uko kwenye laini ya jengo. Hifadhi picha za vipimo hivyo na umpelekee mtoa huduma, nakala kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Panda hadi kile cha 4,100 ikiwa tu kipimo ni kizuri na nyumbani kuna watu wawili wanaofanya kazi kwa video kwa wakati mmoja na watoto wanatazama katuni.

Wakati huohuo, hesabu milango ya ploti yenu inayolipia intaneti. Ikifika kama kumi na tano, nendeni pamoja kwa mwenye nyumba, msiende kwa msimamizi. Muulize jambo moja: kampuni ya pili ikija kwa gharama yake, ataifungulia lango? Milango kumi na tano ni mauzo ambayo ajenti wa mtaa wenu atapanda ngazi mbio kuyafuata. Na mkishakuwa na kampuni mbili, mpigie ile ya kwanza umwambie unahama. Ofa utakayopewa kwenye simu hiyo haimo kwenye tovuti yoyote.